Kulwa Hakuhamishwa

Generoza alipotoka wodi ya wagonjwa wa akili huko mjini Shinyanga, alikuta mwanawe amejifunza kutembea, na amejifunza pia kumwita mwanamke mwingine mama.

Mwanamke huyo alikuwa mkwewe, Bibi Eufrasia. Doto alisimama mlangoni ameshika upindo wa kanga ya bibi yake, kamasi zimemkaukia juu ya mdomo, akamtazama mgeni aliyeshuka na kifurushi. Generoza akanyoosha mikono. Bibi Eufrasia akamsogeza mtoto nyuma yake taratibu, kama mtu anavyosogeza chungu mbali na ukingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Uji upo jikoni."

"Naomba nimbebe kidogo."

"Uji upo jikoni, nimekwambia."

Akaenda kunywa uji. Kupitia mwanya wa ukuta wa miti alimwona Doto akifukuza kuku, anaanguka, anainuka, anacheka peke yake. Aliruhusiwa kumwona, lakini asimbebe, asimwogeshe, asibaki naye peke yake hata kwa muda wa kuchemsha maji. Na ukitaka kusema kweli, bibi yule hakuwa na ubaya. Alikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ilianza wakati Generoza alipokuwa mwanamke wa kuonewa kijicho. Alikuwa na mume, Clemens, aliyewasomea watu sala kanisani kila Jumapili ambayo katekista hakufika. Alikuwa na pamba mlimani na majaruba ya mpunga mbugani, upande ule wa Ushirombo ambako udongo mweusi hukamata mguu. Kisha akajifungua mapacha wa kiume. Aliyetangulia akawa Kulwa, aliyefuata akawa Doto, kama ilivyo desturi, hakuna kuumiza kichwa. Padri aliwabatiza majina mengine, yakabaki hukohuko kanisani. Watu wakamwita Mama Kulwa, naye akaitika kwa madaha.

Kulwa alikufa kabla hajaota jino. Alilala na homa, hakuamka. Generoza alifungua mdomo apige yowe, kiganja cha mkwewe kikauwahi.

"Nyamaza! Pacha haliliwi. Ukimlilia huyu, na yule atamfuata."

Ndivyo walivyofundishwa, na waliowafundisha walifundishwa vivyo hivyo. Hakuna aliyesema mtoto amekufa. Walisema amekwenda kuchanja kuni, yeye ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Wanawake wakamtia ndani ya chungu, wakamzika penye unyevu kando ya majaruba, hakuna aliyetoa sauti. Kesho yake asubuhi jirani wa kwanza akapita akamsalimu, "Umelalaje, Mama Doto?" Na wa pili hivyo hivyo. Tanzia ya mwanawe alipewa kwa namna hiyo, kwa kubadilishiwa jina.

Baadaye Bibi Eufrasia akamletea kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba, kimevikwa kipande cha ngozi ya mbuzi. Doto akinyonya ziwa moja, kibuyu kiwekwe la pili. Doto akilazwa, kibuyu kilazwe ubavuni mwake, asijione mpweke akamfuata mwenzake. Generoza akafanya. Ucheke ukitaka. Lakini kifua chake kilikuwa na maziwa ya watoto wawili, na nusu ya maziwa hayo haikuwa na pa kwenda.

Halafu mwaka wa 1974 likaja lori la Operesheni. Watu wote wahamie kijiji kipya, kwenye nyumba zilizopangwa kwa mstari kando ya barabara, karibu na shule na zahanati itakayojengwa. Vikapakiwa vinu, magunia ya karanga, milango, hata kuku aliyeatamia, mayai yake yakiwa ndani ya kapu. Generoza akapanda, Doto mgongoni na kibuyu kifuani.

"Hee, tazameni!" akasema kijana mmoja wa mgambo. "Mama huyu ana kibuyu kinachonyonya! Kikikua kitaoa?"

Lori zima likaangua kicheko. Clemens, msomaji wa sala, akaona aibu ikimpanda hadi masikioni. Akamnyang'anya mkewe kibuyu, akakichomeka darini kwenye nyumba iliyokwisha kung'olewa mlango.

"Tutarudi kukichukua," akasema.

Hawakurudi. Zamani mtu akihama alikwenda kwanza kwa waliozikwa pale, akawaaga, akawaambia anakohamia, wasije wakazinduka wakakuta majivu ya jiko la watu waliokwisha kuondoka. Mwaka ule nani alikuwa na nafasi? Dereva alikuwa anapiga honi. Wakahamishwa wazee, wagonjwa, mbuzi, mpaka paka wa kipofu mmoja. Kulwa peke yake hakuhamishwa, na wala hakuna aliyemwambia.

Alianza kulia mchana. Watu husimulia mambo ya usiku, ya bundi na fisi. Kulwa alilia jua likiwa utosini, saa ambayo kuku wenyewe hupanua midomo chini ya ghala na kijiji kizima kimenyamaza kwa joto. Sauti ilitoka upande wa machweo, kwenye mahame, kule walikotoka. Kilikuwa kilio cha njaa, kile cha mwanzo, kabla mtoto hajakasirika. Generoza aliposikia mara ya kwanza alikuwa anatwanga. Akasimama, mchi juu, na mbele ya gauni lake pakalowa maziwa.

"Mama Doto, mchi umekugandia?" akauliza Mwanaima, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufungwa.

"Husikii?"

"Nisikie nini?"

"Mtoto."

Mwanaima akatega sikio, kwa haki kabisa. "Mimi nasikia inzi tu."

Kadiri siku zilivyopita, akawa anasimama mara nyingi zaidi. Wanawake kisimani wakapata la kusema. Anasikiliza redio isiyo na betri, wakasema. Mwingine akauliza kama leo wametoa taarifa ya habari. Wakacheka mpaka wakamwaga maji. Generoza hakuwajibu, maana alikuwa anasikiliza.

Alikoma kula, kisha akakoma kulala. Akaanza kumnyima Doto ziwa la kushoto kwa kuwa lina mwenyewe. Ndipo mchana mmoja, watu wakiwa mashambani, alipomfunga Doto mgongoni akashika njia ya mahame. Kilio kilimwongoza mpaka majarubani. Akamfungua Doto, akamketisha ukingoni mwa maji ili yeye amtafute Kulwa, akaanza kuchimba tope kwa mikono. Alichimba hapa, kilio kikahamia pale. Akachimba pale, kikahamia kule. Wachunga ng'ombe waliokuja kunywesha ndio waliomkuta Doto kifudifudi kwenye tope, pua tu ikiwa nje. Mama yake alikuwa mbali, amezama mpaka mapajani, anabembeleza udongo.

Hiyo ndiyo sababu ya bibi.

Walimpeleka kwanza kwa mfumu, mganga wa kienyeji aliyesifika kwa kutuliza vichaa. Mfumu akampitisha mguu kwenye tundu la gogo asikimbie, akamwogesha dawa, akamfukiza. Lipo alilompatia, lazima lisemwe. Kwa mfumu hakuna aliyemcheka. Lakini Kulwa aliendelea kulia, na kifundo cha mguu kikaanza kuoza. Clemens naye akatangaza kwamba anakwenda Maganzo kutafuta almasi. Wanaume wengine mambo ya nyumbani yakiwashinda, hugundua ghafla kwamba wana bahati ya mawe. Ni Selestine, kaka yake Generoza, aliyekuja na msumeno, akakata gogo huku mfumu akimlaani, akampakia dada yake kwenye basi la Shinyanga.

Huko wodini ndiko alikokutana na Maduhu. Alikuwa muuguzi aliyesomea maradhi ya akili, Msukuma wa Maswa, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele na viatu vilivyokwisha kisigino upande mmoja. Generoza alimngojea aseme yale waliyosema wote, kwamba hakuna mtoto anayelia. Hakuyasema. Kila asubuhi alifika akaketi kwenye ukingo wa baraza, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Mayu, jana alilia?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu gogo.

"Alilia."

"Sana?"

"Kuliko juzi."

"Haya. Meza hivi. Mdomo utakauka na usingizi utakuzidi, na jua usilikalie, litakuunguza. Mikono itatetemeka. Ukiona hivyo, usiogope, ni dawa."

Alimeza. Akalala kama mtu aliyeangukiwa na ukuta. Siku zikaenda, kilio kikasogea mbali, kama mtoto anayebebwa na mtu anayetembea kwa haraka. Mchana mmoja jua lilisimama utosini, na hapakuwa na kitu. Inzi tu, kama alivyosema Mwanaima.

Wagonjwa wengine hushangilia siku kama hiyo. Generoza aliketi akashika matiti yake yaliyokwisha kukauka, akahisi kwamba sasa ndiyo mtoto amekufa.

Akaanza kuficha vidonge chini ya ulimi na kuvitemea kwenye fundo la kanga. Maduhu hakumpekua. Alimkuta na wagonjwa wenzake wakibambua karanga za shamba la wodi, akaangalia mikono yake kwa kitambo.

"Mikono imeacha kutetemeka," akasema.

Generoza akainamia karanga.

"Amerudi?"

"Amerudi."

Maduhu akavuta kigoda, akachukua naye konzi ya karanga akabambua. "Ukitaka kunitukana, nitukane. Mdomo ni wako."

"Wewe unamuua," akasema Generoza. "Homa ilimuua mara moja. Wewe unamuua kila ukija na hicho kikopo chako. Huna dawa ya kunipunguzia tu? Aniachie alie kidogo, mchana tu, halafu anyamaze?"

"Sina."

"Wazungu hawajaitengeneza?"

"Hawajaitengeneza. Dawa haichagui, mayu. Ikinyamazisha inanyamazisha yote. Na mimi sikudanganyi kwamba utapona ukaitupa. Labda utaimeza miaka mingi." Akatupa ganda. "Lakini yuko mwingine nyumbani anayelia, na huyo akilia watu wote wanamsikia. Yeye naye unamwambiaje?"

Jioni alimeza, akapanua mdomo bila kuambiwa, akainua ulimi.

Hivyo ndivyo alivyorudi kijijini na kifurushi, akaambiwa uji upo jikoni.

Alivumilia mwanzoni. Alimeza kila jioni, alilima, alichota maji akitembea kwa miguu iliyokazana kama ya mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kisimani walinyamaza akifika, na kunyamaza kwao kulikuwa kubaya kuliko redio. Doto alimzoea kwa mbali. Alimrushia mpira wa matambara, akicheka, na kila Generoza alipouinamia, bibi alitokea.

"Doto, njoo huku."

"Mama, nimepona. Daktari amesema."

"Daktari hakumtoa mtoto topeni."

Basi mtu ana watoto wawili, mmoja hai, mmoja mfu. Wa kwanza ananyimwa na watu, wa pili ananyimwa na dawa. Ungefanyaje? Generoza aliacha kumeza. Alijiambia, walau mmoja.

Kulwa hakukawia. Lakini safari hii alilia kwa namna nyingine, kwa kilio cha mtoto aliyekwisha kukasirika, ambaye hata ukimchukua hanyamazi. Mchana wa nne au wa tano Bibi Eufrasia alirudi kutoka shambani akamkuta mkwewe amesimama kando ya kinu, mchi juu, uso umeelekea machweo. Bibi hakupiga kelele. Alimchukua Doto, akamfungia mlango, kisha akaenda moja kwa moja mpaka zahanati mpya. Maduhu alikuwa amefika na gari la hospitali kuwaona wagonjwa wake, kama alivyofanya kila mwezi barabara ilipopitika.

Alirudi naye nyumbani. Wakaketi watatu uani.

"Mrudishe kwenye wodi yako," akasema bibi. "Huyu hatanimalizia mjukuu."

"Naweza kumrudisha," akasema Maduhu. "Atameza, atanyamaza, atarudi hapa, utamfungia mtoto, ataacha kumeza. Mimi na wewe tutazeeka tukimpokezana. Mayu, ni kwa nini umeacha?"

"Kwa sababu hawanipi Doto."

"Nikupe umrudishe topeni?" bibi akafoka.

"Sikumpeleka kumuua! Nilimpeleka kwa mwenzake. Yuko peke yake kule, mama. Mlimzika mkaniziba mdomo, mkapakia mpaka kuku. Yeye nani alimwambia tunahama?"

Doto alikuwa anagonga mlango kwa ndani kwa viganja. Bibi Eufrasia akaufungua mkono, akaufunga. Aliposema, sauti ilikuwa imepungua.

"Kile kibuyu nilikifuata. Mvua za kwanza tu, nilikwenda kimyakimya. Nyumba ilikuwa imelala. Ngozi imeliwa na mchwa, kibuyu chenyewe kimepasuka. Nikajua kosa ni letu. Nikaogopa kukwambia." Akajifuta pua kwa upindo wa kanga. "Hatukumuaga Kulwa. Mimi mtu mzima, na sikumuaga."

Akamgeukia Maduhu kwa ukali, kama ndiye aliyeendesha lori. "Na wewe msomi utasema ni upuuzi."

"Mimi nimesomea vidonge," akasema Maduhu. "Hayo ya kuaga sikusomea, lakini nimezaliwa Maswa. Nendeni. Ila nakwambieni wote wawili nisikie mmeelewa. Kilio hakitaondoka kwa kuaga. Hiki kitaondoka kwa dawa, nayo imezwe leo, kesho na mtondo. Kuaga ni kwenu. Dawa ni kwangu. Msije mkafanya moja mkaacha jingine, halafu mkanililia mimi."

Walikwenda kesho yake mchana, maana ndiyo saa yake. Bibi alitangulia na unga wa mtama kwenye kata, Generoza akafuata, Doto akiwa mgongoni mwa bibi. Kwenye mahame miba ilikuwa imeota palipokuwa jiko. Generoza alisikia kilio tangu bondeni, kikali, mpaka akatamani kuziba masikio. Bibi hakusikia kitu, lakini alimtazama mkwewe uso ili ajue pa kusimama, na Generoza aliposimama, naye akasimama, akanyunyiza unga.

"Kulwa," akasema bibi. "Ni bibi yako. Tulihama bila kukuaga. Tulikimbizwa. Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, ya nne ukitoka shuleni, ina mpapai mbele. Mwenzako yuko hapa, huyu. Mama yako huyu." Kisha akageuka. "Sema na wewe."

Generoza alifungua mdomo, na yowe lililozibwa miaka miwili likatoka. Lilitoka refu, ndege wakaruka kutoka majarubani. Doto akashtuka, akaanza kulia naye. Bibi Eufrasia aliinua kiganja, ndiyo, mazoea ni mazoea. Kikafika nusu ya njia, kikatua begani kwa mkwewe, kikabaki pale mpaka mwisho.

Waliporudi nyumbani, bibi alimimina maji kwenye kikombe, akaweka kidonge kwenye kiganja cha Generoza, akaketi mbele yake. Kulwa alikuwa bado analia. Hakuwa amenyamazishwa na unga wala na yowe, sawasawa alivyosema Maduhu. Generoza alikishika kidonge kwa muda.

"Akinyamaza hatanidhani nimemkataa?"

"Anajua nyumba iko wapi," akasema bibi.

Akameza. Akapanua mdomo, akainua ulimi. Bibi Eufrasia akainama kutazama vizuri, maana hakuwa mtu wa kuaminiaminia, kisha akamfungua Doto mgongoni, akamweka mapajani mwa mama yake. Mtoto alijinyonganyonga, akamtaka bibi, akalia. Generoza akambeba hivyo hivyo, analia.

Waliendelea hivyo miaka. Bibi akitazama ulimi kila jioni, Generoza akimeza, na mikono ikitetemeka kiasi kwamba Doto alikua akidhani mikono ya mama wote iko hivyo. Clemens alirudi kutoka Maganzo mikono mitupu, akapokewa, akaambiwa habari za kibuyu, akatoka nje akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Mchana Generoza alitwanga bila kusimama. Mwanaima alisema sasa amepona kabisa. Hakujua kwamba kila jua lilipofika utosini Generoza alitega sikio, na kwamba kutosikia kulimuuma upya kila siku, mahali palepale.

Miaka ya themanini ilipofika katikati, mambo yakawa magumu. Sabuni ilipotea, chumvi ikapotea, na zahanati ikawa na mganga na meza tu. Mwezi mmoja dawa hazikuja, na mwezi uliofuata vilevile. Generoza alipoona mikono yake imeacha kutetemeka, hakungoja. Doto alikuwa ametoka shule, kijana mrefu wa darasa la tano. Akamshika mkono, akampeleka uani kwa bibi yake, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kufifia.

"Mama, shikamoo. Nimekuletea Doto."

"Marahaba. Kwani Kulwa ameanza?"

"Bado. Lakini anakaribia. Kaa naye mpaka nirudi kutoka Shinyanga. Nikirudi bila dawa, usinipe."

Bibi Eufrasia akampapasa mjukuu mpaka akaupata mkono wake, akaushika. "Nenda. Bwana Maduhu hatakunyima."

Mabasi hayakuwapo kwa kukosa mafuta, kwa hiyo alikata njia ya mbugani kwenda kungojea malori ya pamba barabara ya juu. Njia hiyo hupita mahame. Jua lilikuwa utosini. Alipofika bondeni alisikia, kwa mbali kabisa, kilio kile cha mwanzo, cha njaa, ambacho alikuwa hajakisikia tangu Doto hajaota magego. Miguu ikasimama yenyewe. Gauni halikulowa safari hii. Alikuwa mtu mzima sasa.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Mama anakwenda kufuata dawa."

Akaendelea na safari, lakini hakuharakisha.